Sikukuu za Ajabu Duniani, na Ile Yetu ya Senene

Ndugu msomaji, leo tutafunga safari ndefu bila kulipa nauli. Weka jembe pembeni, waite watoto wakae karibu, na kama kikapu cha kahawa ya kutafuna kipo, kizungushe ili kila mmoja apate. Tunakwenda kutazama sikukuu za watu wengine, zile ambazo mtu akizisikia mara ya kwanza hutikisa kichwa na kuuliza, "Je, hawa wana akili kweli?" Lakini kabla hatujaondoka nakuomba jambo moja. Usicheke haraka. Mwisho wa safari tutarudi hapa hapa kwetu, Bukoba na Muleba, na huenda kicheko kikatugeukia sisi wenyewe.

VITA VYA NYANYA

Kwanza twende Hispania, katika mji mdogo uitwao Buñol, upande wa Valencia. Kila mwaka, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Agosti, njia za mji huo hujaa watu mpaka pa kutia mguu hakuna. Kisha malori huingia polepole, yamejaa nyanya mbivu, zaidi ya tani 100. Baruti hulia, na hapo hapo vita huanza. Watu hutupiana nyanya, mwenyeji na mgeni, tajiri na maskini, mpaka njia yote inakuwa mto mwekundu. Hupita muda wa saa moja tu. Baruti ya pili ikilia, hakuna ruhusa ya kutupa hata nyanya moja zaidi. Maji hufunguliwa, mji huoshwa, watu huenda mtoni kuoga, na jioni kila mtu ni mtu mwenye heshima zake tena.

Najua unavyofikiri, mama, wewe unayejua jasho la kupeleka ndoo ya maji kwenye bustani. Utasema kwamba kuchezea chakula ni vibaya. Wenyewe hujibu kwamba nyanya zile si za aina nzuri kwa kula. Jibu hilo huenda lisikuridhishe, nami sikuridhika nalo sana. Lakini sikiliza habari yao zaidi.

Yasimuliwa kwamba mchezo huo ulianza mwaka 1945, vijana walipogombana katika maandamano ya sikukuu ya mji, wakashika nyanya za muuza mboga na kupigana nazo. Mwaka uliofuata wakarudia kwa makusudi, na nyanya wakaja nazo kutoka kwao. Wakubwa wa serikali hawakupendezwa, wakaupiga marufuku. Je, watu wa Buñol walifanya nini? Mwaka 1957 walitengeneza jeneza, wakatia ndani yake nyanya kubwa, wakaipeleka kuizika huku tarumbeta zikipiga nyimbo za msiba. Mji mzima uliandamana kuomboleza nyanya! Wakubwa walipoona hivyo wakalegea, na sikukuu ikarudishwa.

Lakini ilirudi na sheria zake. Sharti uiponde nyanya mkononi kabla ya kuirusha, isimwumize mtu. Huruhusiwi kuja na chupa. Huruhusiwi kumchania mwenzako nguo. Na baruti ya pili ikilia, umekwisha. Tangu mwaka 2013 hata idadi ya watu huwekewa mpaka, na anayetaka kuingia hukata tiketi. Basi shika neno hili la kwanza, tutalihitaji baadaye: hata sikukuu ya wazimu ina ua wake, na ua ukibomoka, kinachobaki ni ugomvi mtupu.

CHUNGWA NI ZAWADI

Kutoka Hispania tupande kaskazini mpaka Ubelgiji, katika mji wa Binche. Huko hawatupi nyanya, hutupa machungwa.

Kwanza nikueleze jambo moja. Katika nchi nyingi za Wakatoliki, siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu huwa siku za kula, kucheza na kufanya mzaha, kwa kuwa Kwaresima iko mlangoni. Siku hizo huitwa karnivali, na wengi husema kwamba asili ya neno hilo ni maneno ya Kilatini ya kuondoa nyama, yaani nyama inaagwa mpaka Pasaka. Huenda umekwisha kusikia habari za karnivali ya Rio de Janeiro kule Brazili, pamoja na ngoma zake na mavazi yake ya manyoya. Ile ya Binche ni ndogo kuliko hiyo, lakini mimi naipenda zaidi, nami nitakuambia kwa nini.

Siku ya Jumanne, kesho yake ikiwa Majivu, wanaume wa Binche huamka usiku wa manane kuvikwa. Vazi lao hujazwa majani makavu kifuani na mgongoni, mpaka mtu anakuwa mnene kama gunia la kahawa. Miguuni huvaa viatu vya mti, na kiunoni mshipi wa kengele. Asubuhi hufunika uso kwa sura ya nta, na wote sura ni moja, tajiri hatambulikani na kibarua hatambulikani. Mchana hutoa sura hiyo, na wengi huvaa kofia kubwa ya manyoya ya mbuni. Huitwa Gille. Hutembea kwa mwendo wa ngoma, na kila mmoja ana kikapu cha machungwa anayowarushia watazamaji. Madirisha ya nyumba huzibwa kwa waya, yasivunjwe.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Chungwa likikufikia usilirudishe. Ukimrushia Gille chungwa lake umemtukana, kwa maana alikupa zawadi. Tena Gille hatembei njiani bila mpiga ngoma wake, wala haendi kucheza mji mwingine kwa fedha au kwa sifa. Wao wana usemi kwamba Gille hatoki Binche. Anayetaka kumwona sharti aende Binche. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliitangaza sikukuu hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote. Lakini watu wa Binche hawakungoja tangazo hilo ndipo waithamini. Waliithamini tangu zamani.

KUCHEZA MPAKA KABURINI

Si mbali na hapo iko nchi ndogo ya Luxembourg, na mji wake mmoja ni Echternach. Ndani ya kanisa la mji huo amezikwa Mtakatifu Willibrord, mmisionari aliyefariki mwaka 739. Kila mwaka, Jumanne baada ya Pentekoste, maelfu ya watu humwendea kaburini. Tena hawaendi kwa kutembea. Huenda kwa kucheza!

Hupangwa mistari mistari, na kila mtu hushika ncha ya kitambaa cheupe ambacho ncha yake ya pili imeshikwa na jirani yake. Muziki ni mmoja tu, unarudiwa tangu mwanzo hata mwisho. Hurukaruka mguu wa kushoto, mguu wa kulia, polepole, mji mzima mpaka ndani ya kanisa na kupita penye kaburi. Zamani, wasema, ilikuwa hatua tatu mbele na mbili nyuma. Hebu fikiri mzee wa miaka sabini na mjukuu wake wakiruka hivyo kwa kitambaa kimoja.

Mgeni akiuliza, "Mnacheza nini hapa, na hili ni kaburi?" hata mtoto wa Echternach anaweza kumjibu. Anamjua aliyezikwa pale, anajua kwa nini babu yake alikuja na kwa nini yeye amekuja. Hili ndilo neno la pili, ndugu msomaji: sikukuu huishi maadamu mtoto anaijua sababu yake. Siku mtoto atakapojibu, "Sijui, tunafanya tu," siku hiyo sikukuu imekwisha kuugua.

MIGOMBA YA MAKUNDUCHI

Usidhani mambo ya ajabu yako Ulaya peke yake. Turudi upande wetu, tuvuke bahari mpaka Unguja, kusini ya kisiwa, kijiji cha Makunduchi. Kila mwaka mnamo Julai ndugu zetu wa huko hufanya sikukuu yao iitwayo Mwaka Kogwa, ya kuaga mwaka na kuukaribisha mwingine. Asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi, uliofika pwani pamoja na wafanya biashara wa zamani.

Siku hiyo wanaume hugawanyika pande mbili, wakapigana kiwanjani. Zamani walishika fimbo. Siku hizi silaha yao ni vipande vya mgomba! Naam, Mhaya, sikia vizuri: mgomba ule ule unaokulisha wewe, kule hutumika kumpiga jirani. Mwenye kinyongo na mwenziwe cha mwaka mzima hukimaliza hapo. Wakisha kupigana, kinyongo kimekwisha, na haifai mtu kukibeba kuingia nacho katika mwaka mpya. Wanawake nao, wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, huzunguka wakiimba nyimbo za mafumbo na mizaha. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, mwaka wa zamani ukaondoka na moshi wake.

Baada ya hapo ni kula. Na desturi yao ni kwamba nyumba isikose mgeni siku hiyo, kwa kuwa kukosa mgeni si dalili njema. Basi ukipita Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, hutalala na njaa.

MAUA YA BUJORA

Tuvuke tena, sasa ziwa letu wenyewe. Ukishuka melini Mwanza na kufuata barabara ya Musoma, utafika Kisesa, na hapo kilimani iko Bujora. Huko aliishi Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, wa shirika la Mapadre Weupe. Aliwapenda Wasukuma na mambo yao, akakusanya ngoma zao, viti vya watemi wao na vyombo vyao vya zamani, na kutokana na kazi hiyo imesimama nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Kanisa lenyewe lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Kila mwaka mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanywa huko sherehe iitwayo Bulabo, maana yake maua, kwa kuwa katika maandamano ya Ekaristi njia hutandazwa maua. Baada ya ibada huja ngoma. Wasukuma tangu zamani wana vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, nao hushindana. Lakini hakuna majaji wenye karatasi na kalamu. Vyama vyote viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa kiwanja, na kile kinachovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Ndiyo maana wachezaji hufanya kila njia ya kushangaza watu. Mwingine hucheza na chatu mzima shingoni, mwingine huja na fisi! Watazamaji hukimbia huku na huku kama maji ndani ya mtumbwi.

Angalia hekima iliyoko hapo. Padre yule angaliweza kusema, "Acheni ngoma zenu, ni za kishenzi." Hakusema hivyo. Ngoma zikaingia katika sikukuu, zikapewa siku yao na mahali pao, na vijana wa Kisukuma wakajua kwamba mtu aweza kuwa Mkristo bila kuitupa ngoma ya babu yake.

TURUDI KWETU SASA

Haya, ndugu msomaji, tumefika nyumbani. Tumewaona warusha nyanya, warusha machungwa, wanaorukaruka kaburini, wanaopigana kwa migomba na wanaocheza na fisi. Sasa niambie, sisi Bahaya tuna nini?

Zamani tulikuwa na sikukuu kubwa ya mwezi mwandamo katika nyumba za Bakama wetu. Mwezi mpya ulipoonekana, ngoma zilipigwa kikale, na watu walikwenda kumwonyesha Mukama utii wao. Wazungu wa kwanza kupita katika nchi hizi waliiona. Mwingereza Speke alipokaa kwa Rumanika, Mukama wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861, alitazama sherehe hiyo akaiandika katika kitabu chake: ngoma zilizopangwa mbele ya nyumba, na watu wakija mmoja mmoja kuapa mbele ya mfalme wao. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu nchi nzima, na kikale kikanyamaza. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya au vizuri, hilo ni shauri la wengine. Nasema tu kwamba leo mwezi mpya ukichomoza juu ya ziwa, mtoto wa Kihaya huutazama kama mwezi tu.

Lakini sikukuu moja imebaki. Haina kiti cha mfalme, haina tarehe, haina mhubiri. Ni siku wanaposhuka senene.

Fikiri mtu wa Buñol akipita Kamachumu mwezi wa Novemba, saa kumi ya alfajiri. Mvua ilinyesha jana, baridi inauma. Ghafla anaona kijiji kizima kinatoka vibanjani kwenda rweya, akina mama wamefunga kanga viunoni, watoto wana vikapu, chupa na mifuko, wengine wana taa, kila mtu ameinama ndani ya majani yenye umande akiokota wadudu! Tena wanaitana na kucheka, na aliyekuwa mgonjwa jana leo amepona. Huyo mtu wa Buñol atarudi kwao na kusema, "Ndugu zangu, msiseme sisi ni wazimu. Nimewaona watu Afrika wanaoamka usiku kufukuza panzi." Je, tutamjibu nini?

Tutamjibu kwamba senene si panzi tu. Wataalamu humwita Ruspolia differens. Huja kwa makundi makubwa baada ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na mara nyingine Aprili na Mei. Usiku huruka, alfajiri hulala katika majani akiwa mzito kwa baridi, na hapo ndipo mkono wa mtoto unamweza. Hunyonyolewa mabawa na miguu, huoshwa, hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi kidogo. Ana mafuta, ana nguvu ya mwili kama nyama, na akikaushwa vizuri hukaa siku nyingi. Jirani zetu Waganda humheshimu hata mwezi wa Novemba wakauita Museenene, na huko ziko pia jamaa za ukoo wa Nsenene ambao hawamli kabisa, kwa kuwa ndiye mwiko wao.

Tena alikuwa kifungo cha nyumba. Mke alikwenda rweya, akaokota, akanyonyoa, akakaanga, akamletea mume wake kwa heshima, na mume alipaswa kumshukuru kwa nguo mpya. Kulikuwa na upungufu katika desturi hiyo, tusiufiche. Kule Uganda, mwanamke aliyeokota hakuruhusiwa kuonja, akitishwa kwamba atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha senene. Hata kwetu mwiko huo ulijulikana. Mwenye kufanya kazi akanyimwa tunda lake! Mwiko huo umekufa, na uachwe kaburini. Lakini ile shukrani ya mume, je, nayo tuizike pamoja nao?

MANENO YA BIBI MMOJA

Mwaka mmoja nililala katika nyumba ya bibi mmoja upande wa Muleba, wakati wa senene. Alfajiri alitoka na kikapu chake, mgongo umepinda, nami nikamfuata kwa aibu ya kubaki kitandani. Tuliporudi jua limepanda, kikapu kilikuwa na senene wa kujaza bakuli mbili tu.

Mchana akaja mjukuu wake kutoka mjini, ameleta ndoo nzima. Akasema, "Bibi, kwa nini unajitesa katika umande? Mjini wananaswa kwa taa, wanauzwa kwa kopo. Sema tu nikununulie."

Bibi akapokea ndoo kwa mikono miwili, akamshukuru sana. Kisha akaingiza mkono ndani yake, akasema taratibu, "Ahsante, mjukuu wangu. Hawa ni wazuri. Lakini wamenunuliwa, hawana habari."

Kijana akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naye rweya. Katika zile bakuli mbili bibi alirudi na habari za kijiji kizima. Alijua sasa ya kuwa mjane wa pale chini mtoto wake ana homa. Alijua ya kuwa wale ndugu wawili waliogombania mpaka wa kibanja walisalimiana, kwa kuwa huwezi kuinama katika majani yale yale na mtu, nawe ukajifanya humwoni. Alipofika nyumbani alichota bakuli moja kati ya zile mbili, akampelekea mjane. Ndoo ya mjini haikuweza kumwambia hayo yote.

MTEGO WA TAA

Wewe mwenyewe umeiona mitego ile. Taa kali huwashwa usiku, mabati mapya husimamishwa, na mapipa hupangwa chini yake. Senene hufuata mwanga, hupiga bati, huteleza na kuanguka ndani ya pipa. Asubuhi magunia hujazwa, yakaenda sokoni, Mwanza na hata Dar es Salaam. Sitawalaumu vijana wanaofanya kazi hiyo. Mtu anayelipia ada ya shule kwa senene si mvivu, na Mhaya aliye mbali akipata kifurushi cha senene kutoka nyumbani, machozi humlengalenga.

Lakini tutazame pale tunapokwenda. Rweya nyingi zimekwisha kupandwa misonobari na mikaratusi, na majani ambayo senene hulala ndani yake yamepungua. Taa nazo huwavuta wengi kabla hawajafika penye majani. Mama anayetoka na kikapu alfajiri anarudi na mikono mitupu, kisha anaenda kununua kwa kopo kile alichookota bure mama yake. Watoto wanaolinda mitego hukesha mbele ya taa zile kali, macho yamekuwa mekundu, na kesho wanasinzia darasani. Na mtoto wa darasa la tatu ukimwuliza, "Senene ni nini?" atakutajia bei.

Hapo ndipo penye hatari. Watu wa Buñol walipokatazwa sikukuu yao waliifanyia mazishi mpaka ikafufuka. Sisi hakuna aliyetukataza. Yetu yaweza kufa kimya kimya, bila jeneza wala tarumbeta, kwa sababu tumeiuza yote na hatukubakiza kipande cha kucheza nacho nyumbani.

TUFANYE NINI?

Sikuambii uvunje taa wala urudishe mambo ya kale yote. Nakuambia mambo machache ambayo nyumba yoyote inayaweza.

Baba, msimu ujao wa senene, toka siku moja alfajiri na watoto wako uende nao rweya, hata kama kopo unaweza kulinunua. Waonyeshe jinsi ya kushika bila kumponda. Waeleze babu yao alikwenda wapi na kwa nini. Na mama watoto akileta bakuli mezani, aketi ale pamoja nawe, nawe umshukuru kwa kitu kinachoonekana, si kwa mdomo tu. Kanga moja haitakufilisi.

Kijana mwenye mtego, jiwekee mpaka kama wale wa nyanya. Usimkeshe mtoto wa shule mbele ya taa, na wewe mwenyewe ulinde macho yako. Ukijaza magunia kumi, kopo moja lisiende sokoni, liende kwa mzee asiyeweza tena kuinama. Litakuwa kama lile chungwa la Binche, zawadi isiyorudishwa.

Nanyi wazee wa kijiji, mnapogawa rweya ya kupanda miti, bakizeni sehemu ya majani. Msonobari ni mali, lakini chini yake senene hashuki, wala watu hawakutani huko alfajiri.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Binche wanalijua neno hilo ingawa hawasemi Kiswahili, na Makunduchi wanalijua, na Bujora pia. Mvua za vuli zikianza, usiku mmoja utasikia watoto wa jirani wanapiga kelele, "Wameshuka! Wameshuka!" Usijifunike blanketi, ndugu yangu. Chukua kikapu utoke.